Programu huria ya duka la mtandaoni: anza na malipo

Wengi wanaonijia wakitaka duka la mtandaoni huanza na swali moja: programu huria ipi, yaani ya kupakua bure, ni nzuri: WooCommerce, OpenCart au PrestaShop? Mama mmoja anayeuza ubuyu, karanga na mafuta ya alizeti Soko la Majengo hakuuliza hivyo. Yeye alisema, "Mwanangu, mteja wangu atalipaje?" Anza hapo. Programu hizi zilitengenezwa kwa watu wa kadi za benki, na wateja wetu wa Dodoma, Kondoa na Manyoni wanalipa kwa simu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha duka na kampuni inayopokea malipo ya mitandao yote ya simu. Kabla hujachagua programu, waulize wana plagini (kiongezo kinachopachikwa kwenye programu) ya programu ipi na waliisasisha lini mara ya mwisho. Wakiwa nayo ya WooCommerce peke yake, umeshachagua. Uliza pia makato ya kila muamala, na pesa inakufikia baada ya siku ngapi.

Ya pili ndiyo naipenda kwa duka changa. WooCommerce inakuja na njia ya malipo ya kuhamisha pesa benki. Ibadilishe jina iitwe "Lipa kwa simu", na kwenye maelekezo uandike lipa namba yako pamoja na jina litakalomtokea mteja kabla hajaweka namba ya siri. Oda inabaki ikisubiri, mzigo umeshikiliwa, mpaka uone pesa imeingia. Picha ya meseji usiipokee kama malipo; angalia salio lako mwenyewe. Kazi hii inachosha oda zikiwa nyingi, ila zikifika hapo utakuwa na hela ya njia ya kwanza.

Na ukifika kwenye njia hiyo ya kwanza, kuna mtego. Ukiwa umewasha hesabu ya stoo, oda isiyolipwa inafutwa baada ya dakika 60 usipogusa mpangilio huo. Mteja aliyekwenda kwa wakala kuweka salio akakuta foleni atarudi oda haipo. Ongeza muda.

Jina la tovuti usinunue kwanza. Weka XAMPP, programu ya bure ya kujaribia tovuti bila intaneti, kwenye laptop, pakua programu mbili unazozifikiria, kisha ingiza bidhaa zako halisi, si zile za mfano. Ubuyu wa nusu kilo, wa kilo, wa debe. WooCommerce huhesabu namba nzima, kwa hiyo nusu kilo utaitengeneza kama aina ya bidhaa ileile, yenye bei yake. Kinachoniudhi ni kwamba stoo inahesabiwa kwa idadi, si kwa uzito. Programu haijui kwamba debe na nusu kilo vimetoka gunia moja. Kama unauza kwa kupima, gawa gunia kwenye mifuko mapema ndipo uingize hesabu.

Ondoa senti pia, maana bei ya 5,000.00 inamchanganya mnunuzi. Kwenye OpenCart shilingi yetu utaiongeza mwenyewe kwenye orodha ya sarafu.

Usafirishaji upange kwa maeneo: Makole, Area C na Nkuhungu bodaboda, Kongwa na Mpwapwa basi, na nafasi ya kuja kuchukua sokoni. Kwenye fomu ondoa msimbo wa posta, ila namba ya simu iwe ya lazima. Kifurushi kikishuka stendi, mtu anapigiwa.

Magento, programu nyingine ya duka, achana nayo. Ni imara, lakini inataka seva (kompyuta inayobeba tovuti) yake na fundi wake. PrestaShop si mbaya, ila moduli (viongezo vyake) nyingi utakazozitaka ni za kulipia. OpenCart ni nyepesi na inamfaa mwenye bidhaa nyingi asiyehitaji kurasa za makala. Wengine wote huwa nawaelekeza WooCommerce, kwa sababu inakaa juu ya WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, na fundi wa WordPress ukimkosa leo, kesho utampata mwingine.

Mtu akikuletea plagini ya kulipia "bure" kwenye flashi, ikatae. Nyingi zimepachikwa virusi, na kwenye duka lako kuna namba za simu za wateja. Nakala ya duka zima ichukue kila wiki, uihifadhi nje ya seva.