Jinsi ya kupiga picha boti iliyozama

Boti ya mjomba ilizama nje kidogo ya Dunga, mita tatu hivi chini, nami nikamwahidi picha yake. Siku ya kwanza nilifunga tochi juu ya kamera nikaishusha kwa mwanzi. Nilipata weupe mtupu, kama mtu kamwaga unga wa ugali. Maji ya hapa, Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, yana tope, na mwanga ukitoka palepale ilipo lenzi, hugonga chembe za tope ukairudia kamera kabla hata ya kuifikia boti.

Kwa hiyo vitenganishe. Kamera kwenye mwanzi wake, tochi kwenye mwingine, pembeni, ikimulika kwa mshazari.

Nenda alfajiri, kabla upepo haujaamka. Gugumaji likiwa limefunga njia, rudi nyumbani. Na usiingie majini: kuna viboko, kuna kichocho. Kazi yote hufanyika ukiwa ndani ya mtumbwi, jaketi la kuokolea limefungwa.

Kuipata boti yenyewe, tafuta kwanza vilivyomwagika. Wachunguzi wa bahari Robert Ballard na Jean-Louis Michel waliipata meli iliyozama ya Titanic hivyo mwaka 1985: waliburuta kamera za Argo, chombo cha kuvutwa chini ya maji, nyuma ya meli Knorr wakiwinda mabaki yaliyotawanyika, na Septemba 1, usiku wa manane, likatokea bwela, tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Hilo lilikuwa kina cha mita 3,800 hivi. Sisi mwanzi ulinasa kipande cha wavu wa omena, tukajua tumekaribia.

Ukifika, usitamani boti nzima kwa picha moja, maana hapa huoni hata mita moja mbele. Piga vipande, ukisogea polepole kwa mistari, kila picha ibebe zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Programu ya kompyuta huziunganisha kwa kufuata alama zinazojirudia: msumari, ufa, herufi ya jina. Titanic ilipopimwa mwaka 2022 zilipigwa picha zaidi ya 700,000. Mimi nilipiga 140, na 30 zikaharibika kwa sababu mwanzi uligusa chini na tope likafumka. Likifumka, ngoja. Tulikula njugu kama nusu saa.

Mjomba aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole, akaikuza tena upande wa nyuma, palipokuwa na boliti mbili tu.

“Na injini je?”