Viza ya Schengen ya muda mfupi: karatasi zako zisibishane

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kupanga nyaraka za viza. Mengi ya mafaili ninayoletewa baada ya kukataliwa yana karatasi zote zilizotakiwa, ila karatasi zenyewe zinabishana. Fomu inasema siku 12, barua ya likizo inasema 10, hoteli ina usiku 7. Afisa anayeamua mara nyingi hatakuona uso kwa uso. Anachokijua juu yako ni kile kilichomo kwenye bahasha. Hatua zifuatazo zimepangwa ili bahasha hiyo isimulie habari moja mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Jua unaomba kwa nani

Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao. Viza moja inakufikisha katika nchi hizo 29, zikiwemo Uswisi, Norwei, Aislandi na Liechtenstein ambazo hazimo katika Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ayalandi hazimo, kwa hiyo usipange kulala London kwa viza hii. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, au ile yenye shughuli kuu ya safari. Siku zikilingana, omba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Watu hupenda kuomba kwa nchi waliyosikia kuwa "inatoa upesi", halafu hoteli zote ziko nchi jirani. Hapo mabishano yameshaanza.

Hatua ya 2: Kalenda na pasipoti

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yawe yamefika angalau siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi siku 45, na miadi yenyewe huwa adimu msimu wa likizo. Mimi huwaambia watu waanze miezi 3 kabla.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Ikikaribia kuisha, ifanye upya kwanza. Namba yake ikibadilika katikati ya safari ya maombi, fomu na bima vyote vinaanza upya.

Hatua ya 3: Andika ratiba kabla ya kugusa fomu

Chukua karatasi moja. Kila siku iwe na mstari wake: tarehe, mji, pa kulala, unachokwenda kufanya. Nyaraka nyingine zote zinakili tarehe kutoka humo.

Mtego mkubwa ni ndege ya usiku. Unaondoka tarehe 3 saa tano usiku, unatua tarehe 4 asubuhi. Fomu inataka tarehe ya kuingia Schengen, yaani tarehe 4. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilichanganya hizo mbili: fomu ikasema 3, bima ikaanza 4, nikarudishwa kutoka dirishani na miadi ikapotea.

Hatua ya 4: Fedha

Hapa ndipo watu wengi huangukia. Ubalozi huomba taarifa ya benki ya miezi kadhaa, mara nyingi 3 au zaidi. Afisa hatazami salio la mwisho peke yake; anatazama mwenendo: mshahara unaingia lini, matumizi yakoje, na je, hela hizi zilikuwepo juzi? Akaunti iliyokuwa inachechemea miezi yote, kisha ikapokea donge nono wiki moja kabla ya miadi, inanuka mkopo wa kuonyeshea. Kama kweli umeuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauziano na uutaje kwenye barua. Kama umekopa kwa rafiki ili upendezeshe salio, mrudishie na usubiri mpaka akaunti yako isimame yenyewe.

Kila nchi ina kiwango chake cha kujikimu. Ufaransa hutaja euro 65 kwa siku kwa aliyeweka nafasi hotelini, na euro 32.50 kwa anayepokewa na mwenyeji mwenye cheti kiitwacho attestation d'accueil, ambacho mwenyeji huyo hukiombea kwenye ofisi ya meya wa mahali anapoishi. Ujerumani nayo ina Verpflichtungserklärung, ahadi rasmi ya mwenyeji kubeba gharama zako. Barua ya shemeji iliyoandikwa kwa mkono haichukui nafasi ya hati hizo pale zinapotakiwa.

Hatua ya 5: Onyesha kinachokurudisha nyumbani

Barua ya mwajiri itaje cheo, tangu lini uko kazini, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Mshahara unaotajwa uwe ndio unaoonekana benki. Ukilipwa nusu mkononi, eleza. Aliyejiajiri apeleke usajili wa biashara na nyaraka za kodi, mwanafunzi barua ya chuo.

Kisha barua yako ya maelezo, ukurasa mmoja, kwa lugha inayokubaliwa na ubalozi huo. Kiini chake kinatosha kuwa hivi:

"Naomba viza ya kuingia mara moja, tarehe 4 hadi 13 Juni, siku 10. Nakwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Lyon na nitalala kwake siku zote (kiambatisho 3). Gharama nitalipa mwenyewe kutokana na mshahara wangu (viambatisho 5 na 6). Narudi kazini tarehe 15 Juni (kiambatisho 4)."

Sifa za mandhari ya Ulaya na ndoto zako za utotoni ziache nje.

Hatua ya 6: Bima, tiketi, malazi

Bima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokaa, na ihusishe matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata kwa maiti. Tiketi na hoteli, weka nafasi inayoweza kufutwa. Usilipe nauli isiyorudishwa kabla ya viza kutoka. Ila usiifute nafasi hiyo siku ya pili baada ya miadi, maana hoteli hupigiwa simu. Na karatasi ya kughushi, hata iwe moja kati ya ishirini, inaliangusha faili zima.

Hatua ya 7: Siku ya miadi

Picha milimita 35 kwa 45, ya hivi karibuni. Alama za vidole huchukuliwa na kutumika tena kwa maombi ya ndani ya miezi 59. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na wa chini ya hapo halipiwi. Kituo cha kupokea maombi huongeza ada yake ya huduma. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Kituo hicho kinapokea tu, hakiamui, hivyo anayekuambia "nina mtu wangu ndani" anataka pesa yako. Na fomu utie sahihi. Nimeona wengi wakisahau.

Hatua ya 8: Soma stika

Kuna tarehe za uhai wa viza, na kuna idadi ya siku za kukaa. Stika inaweza kuwa hai siku 25 huku umeruhusiwa siku 10 tu. Kinachokubana ni hizo 10.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi ahesabu pia kanuni ya kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mfano: ulikaa tarehe 10 Januari hadi 8 Februari 2025, siku 30. Tarehe 1 Julai ukirudi nyuma siku 180 unafika 3 Januari, kwa hiyo zile 30 bado zipo na umebakiwa na 60. Zinaanza kudondoka moja moja tarehe 9 Julai, na kufikia 7 Agosti zimeisha zote.

Ukikataliwa

Utapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama. Isome polepole kabla ya kukasirika. Alama kwenye "lengo la safari halikuthibitishwa" haitibiwi kwa kuongeza hela benki. Inatibiwa kwa ratiba na barua ya mwenyeji. Fomu hiyo pia inaeleza pa kukata rufaa na muda ulionao. Ukiamua kuomba upya, toa nakala uliyobaki nayo ya faili la kwanza, uiweke kando ya jipya, na ueleze kwa barua kila tarehe au kiasi kilichobadilika, kwa sababu rekodi ya ombi la kwanza wanayo.