Kugeuza mahakama ya zamani kuwa makumbusho: msiguse ukuta kwa saruji

Nimeandika haya baada ya kuwasaidia wenzetu hapa Dar es Salaam wenye jengo la mahakama la enzi ya ukoloni. Yanahusu kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Kabla ya lolote nendeni mkalitazame Boma la Kale pale Sokoine Drive, lililojengwa zama za Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Kuta zake ni za namna hiyo, na leo ndani yake husimuliwa historia ya majengo ya jiji.

Hatua ya 1: Kibali. Kitoke Idara ya Mambo ya Kale, kwa maandishi, kabla fundi hajashika tindo.

Hatua ya 2: Kumbukumbu. Pimeni, choreni, pigeni picha kila chumba.

Hatua ya 3: Paa. Zibeni panapovuja. Kagueni boriti pale zinapoingia ukutani. Mchwa hupenda hapo.

Hatua ya 4: Lipu. Hapa ndipo majengo mengi yanapoharibiwa na watu wenye nia njema. Fundi atawaambia saruji ni imara zaidi. Kwa ukuta wa tofali za saruji, sawa. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na pwani maji hayo yana chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Ya saruji huyafungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake na kulimomonyoa jiwe.

Bandueni saruji kwa tindo na nyundo ndogo, si mashine. Ikiwa inang'oka na jiwe, iacheni hapo. Ukuta ukae wiki kadhaa ukauke. Chumvi inayochomoza ifagieni kwa brashi kavu. Mkiiosha inarudi ndani.

Chokaa mbichi huchemka ikikutana na maji: vaeni miwani na glavu, na mtie chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa. Ikishazimwa, yaani ikishachemka majini na kutulia, ikae pipani chini ya maji, miezi mitatu ikiwezekana, kwa sababu punje ambazo hazijazimika zitafumua lipu baadaye. Changanyeni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mtoni uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi ileile mnayoikimbia.

Lowesheni ukuta, pigeni tabaka jembamba, la pili lisubiri la kwanza lishike. Funikeni kwa magunia mabichi. Mimi hufanya kazi hii kipupwe, Juni hadi Septemba. Jua la Januari huipasua. Mwisho pakeni chokaa nyepesi iliyozimuliwa kwa maji, si rangi ya plastiki.

Hatua ya 5: Ukumbi. Kizimba, meza ya hakimu na mabenchi vibaki vilipo. Msivihamishe ili kupata nafasi ya makabati ya vioo. Mgeni anapaswa kusimama pale mshtakiwa aliposimama. Simulieni kesi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958, alipotiwa hatiani jijini humu kwa kashfa na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Waiteni pia makarani na wakalimani wastaafu, muwarekodi mapema.

Majalada halisi ya kesi hayatundikwi ukutani. Ulizeni kwanza Mahakama na Nyaraka za Taifa, kisha onyesheni nakala, majina ya watu wa kawaida yakiwa yamefichwa: wajukuu zao bado wanaishi Kariakoo na Ilala.