Kabla Hujabandika Shiti Mlangoni mwa Probox

Mimi hushona viti na kapeti za magari hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na siku hizi kazi inayonipa hela bila jasho ni kubandua. Kijana anaendesha Probox Kisumu hadi Busia, amechoka na mngurumo, anabandika gari zima shiti za kupunguza kelele, mwenyewe, wikendi moja. Msimu wa mvua ukifika, ananiletea kapeti linalonuka kuvu.

Anza kwa kujua kelele inatoka wapi. Mpe mwenzio usukani, wewe utege sikio. Mvumo unaopanda na mwendo, kisha ukabadilika mkikata kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Hiyo ukiifunika kwa shiti unaificha tu hadi ikuache barabarani. Mluzi wa upepo ni raba ya mlango: bana karatasi kati ya raba na fremu, funga, vuta. Ikichomoka bila kushikwa, badilisha raba kwanza, pengine hutahitaji lingine.

Kama bado unataka kubandika, usinunue zile shiti za lami za kuziba paa la nyumba, hata kama ni nusu bei. Gari lililoegeshwa juani Kondele saa nane mchana bati lake linachoma mkono. Lami inalainika, inanuka, inachuruzika hadi kwenye swichi za vioo. Tafuta shiti ya butili, yaani raba laini inayonata, yenye karatasi ya alumini juu. Sponji ya godoro isikaribie mlango kabisa: inanyonya maji, inaozesha bati, na ikishika moto moshi wake ni sumu.

Sasa mlango, ambao ndio huharibiwa zaidi. Wengi hudhani ndani ya mlango ni pakavu. Sivyo. Mvua hushuka na kioo, ikapita raba ya nje, ikaanguka chini ya mlango na kutokea kwenye matundu madogo ya ukingoni. Ukiyaziba, mlango unageuka karai, na kutu huanzia ndani usikoiona. Ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya paneli nayo si takataka ya kiwandani. Ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye kapeti, basi ibandue polepole na uirudishe.

Toa paneli, futa upande wa ndani wa bati la nje kwa spiriti, bandika katikati yake, kandamiza kwa rola hadi michoro ya alumini ilale. Robo ya eneo inatosha. Ligonge kwa kidole: likilia kama ubao badala ya debe, umemaliza, hakuna haja ya kuongeza. Shiti ya milimita 2 hufikia kama kilo 3 kwa mita ya mraba, na bawaba za mlango zinaubeba uzito huo kila siku. Kabla ya kurudisha paneli, shusha kioo mpaka mwisho, kipandishe, kisha mwagia kioo kopo la maji uone kama yanadondoka chini.

Waya au soketi za manjano ni za eabagi, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajalini, na mikanda. Ukikutana nazo mlangoni, chini ya kiti au pembeni mwa paa, toa waya wa negativu wa betri, subiri dakika kumi, na usizipime kwa taa ya kupimia, maana umeme huo mdogo unaweza kuilipua. Pembeni mwa paa penye eabagi ya pazia usisokomeze kitu. Baadhi ya magari yana kihisi cha shinikizo la hewa ndani ya mlango. Hayo usiyazibe matundu ya bati la ndani kabla hujasoma kitabu cha gari.

Nyuma, ndani ya bampa, kuna vijilango vya raba vya kutolea hewa. Ukivifunika, vioo vitajaa ukungu mvua ikinyesha na milango itakuwa migumu kufunga. Kwenye sakafu, usibandike juu ya bolti za viti wala mahali ekzosi inapopita chini.

Kama fedha ni za sehemu moja tu, kwa mvua za huku mimi ningeanza na paa: vipande vichache katikati ya bati, basi.