Nimechoka na kazi, au kazi imenichosha?

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilihudumia wazee, shifti za usiku, saa 12 kila moja. Asubuhi moja meneja aliniuliza naendeleaje, nami nikamjibu kwa uungwana wote: "I am tired of this work." Kichwani mwangu nilikuwa nasema usiku ule umenichosha, jambo ambalo hata yeye aliliona usoni. Mchana nikapigiwa simu kuulizwa kama nataka kuacha. Kumbe "tired of" ni kukinai: nimechoshwa nayo, siitaki tena. Uchovu wa mwili ni "tired from". Na "sick" ni vilevile. Aliyelazwa ni "sick with malaria". "Sick of malaria" ni mtu aliyechoka kusikia habari za malaria.

Sisi Kiswahili hakikutuzoesha mambo haya, kwa sababu kwetu kazi kubwa huifanya kitenzi chenyewe. Naogopa mbwa. Nimemkasirikia. Nimezoea baridi. Kihusishi, yaani lile neno dogo la kuunganisha kama "of" au "with", kimemezwa humohumo ndani, na pale kinapohitajika, "na", "kwa" na "wa" hutosha karibu kila mahali. Mwingereza yeye huchukua kivumishi na kukipachika mkia wake: afraid of, angry with, used to. Muulize kwa nini ni "interested in" lakini "keen on", atakutazama kama utakavyomtazama akikuuliza kwa nini kiti kinakuja lakini kijana anakuja. Basi jifunze hivyohivyo, kama ngeli: usikariri "afraid" peke yake, kariri "afraid of" kama neno moja.

Usitegemee mtaa ukufundishe. Katika mazungumzo ya haraka "of" na "to" humezwa hadi hazisikiki vizuri, ndiyo maana mtu anabeba maboksi miaka kumi, Kiingereza kinamtiririka, halafu akiandika barua ya kazi anaweka "interested on". Mikia huonekana kwa macho. Chukua tangazo la kazi unayoitaka, pigia mstari kila "responsible for", "experienced in" na "familiar with", kisha tumia maneno hayohayo kwenye barua yako.

Lakini nisikutishe. Makosa mengi hayana madhara. Ukimwambia muuguzi "I am allergic with penicillin" badala ya "allergic to", ameshaelewa. "Good in cooking" ataisikia "good at cooking" na chakula kitapikwa. Nguvu zako ziweke kwenye yale machache yanayogeuza maana.

La kwanza ni ndoa. Tunasema Asha ameolewa na Juma. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "Asha was married by Juma", na msikilizaji atadhani Juma ndiye sheikh, padri au ofisa aliyefungisha ndoa! Kinachotakiwa ni "married to", kwa mume na mke sawasawa. Habari ya kuoa na kuolewa hawana. "Married with" nayo ipo, ila huja na watoto: "married with two children", yaani yumo kwenye ndoa na ana watoto wawili. Kwa anayehojiwa kwa ajili ya viza ya mwenza, hili si la kuachia bahati.

Waliosoma kwa Kifaransa, ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura, wana mtego wa pili juu ya huu wetu. Kifaransa husema mtu ameoana "avec" mwenzake na anavutiwa "par" jambo, kwa hiyo "married with" na "interested by" hutoka kinywani zenyewe.

La pili linahusu watoto. "Namhofia mwanangu" kwa Kiswahili huweza kuwa namwonea hofu asipatwe na baya, au mimi ndiye ninayemwogopa, mazungumzo huamua. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "I am afraid for my son" ni ile ya kwanza. "I am afraid of my son" ni ya pili, na ukimwambia hivyo mwalimu, usishangae watu wa ustawi wa jamii wakibisha hodi.

Kwenye usaili wa kazi za malezi, sema "I am good with children": naelewana nao, nawamudu. Ukisema "good for children" umejigeuza maziwa.

Halafu kuna "used to", ambayo imewakosesha watu kazi. "I used to work nights" ni zamani, sasa siyo. "I am used to working nights" ni nimezoea, nipeni hata leo. Tofauti imo kwenye "am" na "-ing". Hiyo "-ing" ifikirie kama "ku-" yetu katika "hodari wa kupika": baada ya kihusishi kitendo huvaa "-ing", ndiyo maana ni "interested in working" na "afraid of losing". Kinachochanganya ni "to", maana katika "used to working" ni kihusishi kama "of" na "in", ila sura yake ni ileile ya "to work".

Barua za ofisini nazo zina lugha yake. "Eligible for" ni unafaa kuomba. "Entitled to" ni haki yako, idai. "Exempt from" ni umesamehewa: nyumba ya wanafunzi watupu wa muda wote Uingereza huwa hivyo kwenye Council Tax, kodi ya makazi inayolipwa halmashauri. Ukiona "liable for", andaa pesa. Na "subject to" ndiyo ya kusoma mara mbili: ni "kwa sharti la". Nyumba uliyoomba kupanga ikikubaliwa "subject to references", yaani kwa sharti kwamba wanaokufahamu watoe maelezo mazuri juu yako, bado hujaipata, usinunue kitanda.

Kuna mahali hata wenyewe hawakubaliani. Uingereza utasikia "different to", Marekani "different than". "Different from" inapita kote, ishike hiyo. Marekani pia hupenda "mad at you", yaani amekukasirikia. "Mad about you" ni mapenzi yaliyompanda kichwani. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia kwenye simu, angalia kihusishi kabla hujajibu.