Kabla hujapeleka PHQ-9 kijiweni, tenga hela ya rufaa

Wale mnaoendesha miradi ya vijana walio nje ya shule kwa hela za mfadhili, leo kitu kimoja tu. Lile dodoso la PHQ-9, la maswali tisa ya kupima sonona, swali lake la 9 linauliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru, sasa umuulize dogo wa bodaboda pale kijiweni akujibu "ndiyo, karibu kila siku" halafu huna pa kumpeleka, umemtonesha kidonda ukamwacha hapohapo. Kwa hiyo kwenye bajeti weka kifungu cha rufaa mapema kabisa: nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili (yeye na wa kumsindikiza, maana peke yake haendi, amini), hela ya kadi hospitali, na vocha ya kumpigia kesho yake. Mimi sijawahi kukataliwa hicho kifungu, ni sisi wenyewe tunasahau tunajaza semina na tisheti. Walio chini ya miaka 18 wape pia namba 116, simu ya msaada kwa watoto, Tanzania ni bure, Kenya nako namba ni hiyohiyo. Na ongea na watu wa hospitali ya wilaya kabla hujaanza kudodosa, sio siku yameshakukuta.