Kabla Njaa Haijakukuta Geto: Maandalizi ya Mwanachuo Asiyependa Kupika

Mwanachuo asiyependa kupika huwa hashindwi asubuhi wala mchana. Anashindwa saa mbili usiku. Ametoka maktaba, tumbo linanguruma, geto kuna nusu kitunguu na chumvi, na pale nje taa ya muuza chipsi inawaka. Saa hiyo nani anawaza lishe? Ataagiza zege, yaani chipsi mayai, kesho ataagiza tena, na bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, likikata atahamia pasi ndefu, mlo mmoja saa tisa alasiri wa kuvusha siku nzima. Mwaka wa kwanza niliishi hivyo muhula mzima nikijiita mvivu. Mwaka wa pili bado sikupenda kupika, na mpaka leo sipendi, ila nilikuwa nakula vizuri kwa sababu kazi niliihamishia kwenye saa ambazo nimeshiba.

Kabla hujanunua hata kijiko, jua sheria za unapolala. Hosteli nyingi za vyuo zinakataza kupika vyumbani, na jiko la umeme likikutwa kwenye ukaguzi linaondoka na mkaguzi. Msilalamike sana: waya wa ukutani haukuwekwa kwa ajili ya vyumba ishirini vyenye majiko yanayowaka kwa pamoja. Uliza kama birika la umeme linaruhusiwa, kwa sababu jibu la swali hilo moja ndilo linaloamua utakula nini asubuhi. Ukiwa na maji ya moto una chai, na yai la kuchemsha linawezekana. Ukiwa huna, utategemea vyakula visivyohitaji moto, na si vichache kama unavyodhani.

Aliyepanga geto, tuseme Changanyikeni, Msewe au Sinza huko Dar es Salaam, kwa kawaida ataanza na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Hapa nitasema mambo mawili tu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni, kwa hiyo mtungi usiuchomeke uvunguni mwa kitanda. Ukae karibu na mlango au dirisha. Na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, kuna uvujaji. Ukiingia chumbani ukakuta harufu, usiguse swichi ya taa. Fungua mlango na madirisha kwanza. Vyombo havihitaji mchango wa harusi: sufuria moja yenye mfuniko unaobana, kisu kinachokata kweli, makopo matatu yenye mifuniko, chupa ya chai. Kikaangio kinaweza kusubiri. Kwa asiyependa kupika, kukaanga ndiko kunakochosha zaidi, maana ndiko kunakoacha mafuta ukutani.

Sasa fedha. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Kwenye karatasi ni ya kila siku, lakini inaingia kwa mkupuo, na mkupuo una tabia ya kumfanya mtu ajione tajiri kwa siku tisa. Siku ile ile inayoingia, kabla ya viatu, nunua vikavu vya mwezi: mchele, maharage, dagaa, karanga, unga wa uji, majani ya chai. Vikiwa ndani ya makopo, hata wiki ya mwisho kabla ya bumu lijalo haitakukuta mikono mitupu.

Dagaa nitawatetea kwa nguvu zote. Watu wanawadharau kwa sababu ya shule za bweni, lakini ni chakula cha haraka kuliko tambi. Wanaliwa na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na protini unapata madini ya chokaa ambayo mwanachuo asiyegusa maziwa hayapati kwingine kirahisi. Wa Kigoma ni ghali na watamu. Wa Mwanza ni nafuu, ila wengi hukaushwa kwenye mchanga, na mchanga huo utaukuta menoni usipowaandaa. Kaa nao nusu saa siku moja, ukisikiliza mpira redioni: toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili tatu, wamwage kwenye sufuria kavu bila mafuta uwageuze mpaka wakauke na kulia kwa-kwa-kwa. Waache wapoe kabisa, tia koponi. Baada ya hapo, kwa wiki kadhaa mboga yako ni kukata nyanya, kitunguu, pilipili hoho, kukamua ndimu na kumwagia kiganja cha dagaa juu. Jiko halikuwashwa.

Karanga nazo zichague kwa macho na ulimi. Iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu, tupa, usijifanye mchumi. Ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi, kwa hiyo si hadithi ya darasani. Kwa sababu hiyo hiyo mimi siupendi unga wa lishe uliosagwa na kila kitu ndani yake, ambao hujui karanga zake zilikuwaje. Nanunua unga wa ulezi mtupu, na karanga nilizozichambua mwenyewe naziongeza bakulini.

Matunda huyawezi kuyanunua ya mwezi, lakini yanaweza kununuliwa kwa akili. Kwa waliopo Mabibo, Dar hiyo hiyo, soko la Mahakama ya Ndizi liko hatua chache, na huko ukitaja kichane utapata kwa bei ambayo mwenye meza barabarani hakupi. Chagua kichane chenye ndizi za rangi tofauti, za leo na za keshokutwa. Parachichi vivyo hivyo: moja laini, mawili magumu, na yale magumu yakae pamoja na ndizi kama unataka yawahi kuiva. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu wake hayahitaji maelezo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiasi kinachotisha mpaka ukihesabu: ndizi mbili, chungwa moja na upawa wa mchicha vinakufikisha. Kiamsha kinywa cha mtu mwenye haraka ni ndizi, mtindi na kiganja cha karanga. Chakula cha usiku cha mtu aliyechoka ni mkate, parachichi, yai la kuchemsha na nyanya. Dakika tano, na kisu tu cha kuosha.

Kabla ya muhula kuchanganya, tafuta mama ntilie wako. Usimchague kwa ukubwa wa kipande cha nyama. Tazama maji ya kuoshea vyombo yanabadilishwa mara ngapi, chakula kimefunikwa au kinasalimiana na nzi, na sahani inakuja na mboga za majani au zimewekwa kama mapambo. Ukimpata, mwambie wazi: "Mama, mimi nipunguzie wali, niongezee maharage na mchicha." Wengi hawakatai, maana wali ndio wanaoupima kwa jicho kali. Mlipe wa wiki, usimlipe wa mwezi mzima. Naye ana dharura zake. Na chai ya rangi usiinywe juu ya maharage. Inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, ilhali chungwa au ndimu hufanya kinyume chake. Ukimaliza kula, subiri saa nzima ndipo unywe chai. Dada zangu hasa, ambao kila mwezi mnapoteza damu, hili lishikeni.

Kwa geto, Jumapili jioni ndiyo siku ya jiko, mara moja basi. Mayai ya trei yanaweza kukaa mabichi wiki mbili au zaidi kivulini bila friji, yasioshwe. Ukilitilia shaka yai, litumbukize kwenye maji, likielea achana nalo. Likishachemshwa, liliwe siku hiyo hiyo. Maharage yaloweke tangu usiku, maji ya kulowekea mwaga, kisha yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua kumi kabla hujapunguza moto, kwani maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Ukiona hiyo ni safari ndefu, mitaa mingi jioni kuna mama mwenye sufuria la maharage yaliyokwisha kuchemshwa anauza kwa kikombe, na gengeni wanakukatia mchicha hapo hapo. Si aibu. Chemsha viazi vitamu na maganda yake, na kesho asubuhi huna haja ya chapati.

Kiporo cha wali ndicho kilichonifundisha adabu. Nilipika Jumamosi usiku, nikauacha sufuriani mpaka Jumapili mchana kwa joto la Dar, nikaupasha ukatoa moshi, nikala. Jioni nilikuwa chooni. Wali una mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa. Ukikaa kwenye joto la chumba zinaamka na kuacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Usipokuwa na friji, pika wali wa mlo mmoja. Ukibaki, mgawie jirani ungali wa moto, naye siku yake atakukumbuka.

Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, iandalie peke yake. Watu wanaogopa sapu, yaani kurudia mtihani, wanasahau kula, halafu saa nne usiku wanakunywa vinywaji vya kuchangamsha juu ya tumbo tupu na kutetemeka mtihanini. Siku tatu kabla, jaza makopo mawili: moja karanga na tende, jingine dagaa wa kukaushwa. Asubuhi ya mtihani uji wa ulezi uwe kwenye chupa tangu alfajiri, na maji ya kunywa yaliyochemshwa yawe begini.

Jambo la mwisho kabla hujahamia na mtu: ulizaneni nani anapenda jiko. Mwenzangu wa mwaka wa tatu alipenda kupika na alichukia kuosha vyombo. Tulielewana siku ya kwanza kwamba yeye anapika, mimi naenda gengeni na kusugua sufuria, unga na mchele nusu kwa nusu. Mafuta ya kula tulinunua kwa zamu na kuandika tarehe kwenye dumu, maana tulikuwa tumeona vyumba vya jirani vikivunjika kwa lita moja ya mafuta.